Mume wangu anakata pumzi usingizini: tununue mashine ipi?

"Shikamoo daktari. Mume wangu ana miaka 52, ni dereva wa lori la mizigo, Dar hadi Lubumbashi. Anakoroma tangu nimjue, lakini miaka hii miwili anakata pumzi kabisa, kimya, halafu anashtuka kama mtu aliyetolewa majini. Mwezi uliopita alisinzia kwenye usukani karibu na Mikumi, Mungu akasaidia lori likaishia kwenye majani. Tumempima Dar kwa kifaa cha kulala nacho nyumbani, majibu yanasema anakata pumzi mara 41 kwa saa na oksijeni inashuka hadi 74. Ana presha, anameza dawa za aina mbili. Tumeambiwa tutafute mashine ya CPAP, ile ya kupuliza hewa puani usiku. Tuna njia tatu: shemeji yangu aliyeko Marekani ana DreamStation iliyotumika, anatupa bure, duka moja Kariakoo wana mashine mpya ya Kichina ya 'auto' kwa milioni 1.7, na jirani anauza kwa laki sita mashine ya oksijeni iliyomsaidia baba yake wakati wa korona. Mume mwenyewe hataki, anasema yeye si mgonjwa wa ICU na akianza hataacha tena. Mama mkwe anasema ni jinamizi. Umeme nao unakatika, na nusu ya mwezi analala ndani ya gari. Tununue ipi?"

Marahaba, mama. Kabla hatujafika Kariakoo, tupitie Mikumi kwanza. Mtu anayekata pumzi mara 41 kwa saa na ambaye tayari ameshasinzia kwenye usukani hatakiwi kuendesha lori wiki hii, wala wiki ijayo, mpaka atibiwe na usingizi wa mchana uishe. Najua maana yake kwa ada za watoto. Aongee na tajiri wake, aombe likizo au kazi ya yadi kwa mwezi mmoja au miwili. Uingereza, dereva wa lori mwenye hali kama yake husimamishwa hadi ugonjwa udhibitiwe, kisha hukaguliwa kila mwaka akiendelea na kazi yake. Jambo la kumwambia ni hilo la mwisho: wenzake wenye ugonjwa huu wanarudi barabarani. Kahawa, redio na kufungua dirisha havitibu kitu hapa.

Sasa tuone kinachotokea shingoni mwake. Koo nyuma ya ulimi halina mfupa wa kulishikilia lisijikunje. Ni mrija wa nyama. Mchana misuli huuweka wazi. Usiku misuli inalegea, ulimi unarudi nyuma, kaakaa laini linashuka. Njia ikibana, hewa inapita kwa kutetemesha nyama, na huko ndiko kukoroma. Ikiziba, kimya. Kifua kinaendelea kuvuta lakini hakuna kinachoingia, oksijeni inashuka, moyo unahangaika, ubongo unashtuka na kumwamsha kidogo tu, kiasi cha kufungua koo. Anavuta pumzi ile ya mtu aliyetolewa majini, kama ulivyosema, anarudi kulala, na koo linaziba tena. Tunahesabu kila kipindi cha sekunde 10 au zaidi. Chini ya vipindi 5 kwa saa ni kawaida, 5 hadi 14 ni ugonjwa mdogo, 15 hadi 29 wa kati, 30 na kuendelea ni mkali. Yeye ana 41. Akilala kwa muda wa saa saba, ameamshwa karibu mara 290 na asubuhi hakumbuki hata moja. Ndiyo maana anakwambia amelala vizuri.

Hili linamjibu pia mama mkwe, na umjibu kwa heshima kwa sababu hajakosea sana: naye ameona kwamba mwanawe anakabwa. Lakini anayeshikwa na jinamizi yuko macho, anaona chumba, anataka kupiga kelele mwili haumtii, na asubuhi anasimulia yote. Mumeo hasimulii chochote. Anayejua habari ni wewe uliyelala pembeni.

CPAP inafanya kazi moja tu. Inapuliza hewa ya kawaida ya chumbani kupitia puani, kwa msukumo mdogo usiokatika, ili koo lisifunge. Haipumui kwa niaba yake. Anavuta na kutoa mwenyewe. Ukitaka kujua msukumo wenyewe ni mkubwa kiasi gani, chukua mrija wa soda, uchovye sentimita 10 kwenye ndoo ya maji, upulize mpaka mapovu yatoke. Nguvu hiyo uliyotumia ndiyo tunayoita sentimita 10 za maji, na watu wengi hutibiwa karibu na hapo. Mashine za nyumbani huanzia 4 na kuishia 20. Mfanyeni wote wawili hilo jaribio la ndoo, akacheke kidogo. Mashine ya kwanza ya aina hii aliitengeneza daktari Colin Sullivan mjini Sydney, matokeo yakachapishwa mwaka 1981, na injini aliyotumia ni ya mashine ya kufyonza vumbi iliyogeuzwa ipulize badala ya kuvuta. Haikubuniwa kwa ajili ya watu mahututi. Korona ndiyo iliyotuzoesha kuiona karibu na vitanda vya wagonjwa wa ICU, na picha hiyo imekaa vichwani mwa watu.

Kuhusu kuizoea na kutoiacha: atakachozoea ni kulala. Akiiacha, koo litaziba kama linavyoziba leo, halitakuwa baya zaidi kwa sababu ya mashine. Ni kama miwani.

Basi tuanze na ya jirani, kwa kuwa ndiyo rahisi kuamua. Msinunue. Mashine ya oksijeni inachuja hewa na kutoa oksijeni nyingi kupitia kimrija laini cha puani, lakini haina msukumo wa kufungua koo. Ni kama kumpelekea maji mtu ambaye bomba lake limekunjwa: unaongeza maji kwenye tanki, bomba limebaki limekunjwa. Tena ina hatari yake. Namba ya oksijeni kidoleni inaweza kupendeza, ninyi mkaridhika, huku vile vipindi vya kukata pumzi vikirefuka kwa kuwa ile kengele ya ubongo imecheleweshwa, na hewa chafu ikijilimbikiza kwenye damu. Kwa baba wa jirani ilikuwa dawa sahihi, maana ugonjwa ulikuwa kwenye mapafu. Kwa mumeo mapafu hayana shida tuliyoonyeshwa. Shida iko kooni.

Ya shemeji ina uzito wake, kwa sababu ni bure na imetoka kwa ndugu. Lakini mwezi Juni 2021 Philips walitangaza kurudisha kiwandani mamilioni ya mashine zao, DreamStation ya kwanza ikiwemo, kwa kuwa sponji iliyowekwa ndani ya kupunguza mlio ilikuwa inamomonyoka. Vipande vyeusi na kemikali vinaweza kuingia kwenye mrija na kuvutwa na mgonjwa. Kampuni yenyewe ilisema joto na unyevu mwingi, pamoja na kusafisha kwa ozoni, huharakisha kumomonyoka huko. Na wewe unataka kuileta Dar es Salaam! Zinazohusika ni zile zilizotengenezwa kabla ya tarehe 26 Aprili 2021. Mwambie shemeji apige picha ya kibandiko cha chini chenye namba ya mashine, aitafute namba hiyo kwenye ukurasa wa kampuni. Ikiwa ni DreamStation 2, hiyo haikuwemo katika tangazo lile. Ikiwa ni ya kwanza na haijawahi kurekebishwa, mshukuruni na aiache huko huko.

Hata ikiwa nzima, mashine iliyotumika imepangwa kwa koo la mtu mwingine. Lazima ifutwe na kupangwa upya kwa majibu ya mumeo, muone imeshafanya kazi saa ngapi, na barakoa, mrija na chujio viwe vipya kabisa. Umeme wa Marekani usiwatishe; nyingi ya nyaya zake hupokea volti 100 hadi 240, imeandikwa kwenye ile boksi ndogo ya waya. Msome kabla ya kuchomeka, si baada.

Tunabaki na ya Kariakoo, na hapa sina dharau kwa Mchina. Mashine ya "auto" inasikiliza pumzi: koo likianza kubana inaongeza msukumo, likitulia inapunguza. Kwa mtu mzima ambaye koo ndilo tatizo, na hana ugonjwa mwingine wa moyo au mapafu, auto ya nyumbani ni njia inayokubalika kabisa ya kuanza tiba. Haimlazimu kulala maabara usiku mzima kutafutiwa namba. Tena auto nzuri inaweza kupangwa ikae kwenye namba moja pia, kwa hiyo hamtakuwa mmejifunga. Zile mashine kubwa zenye misukumo miwili, mmoja wa kuvuta na mwingine wa kutoa, ni ghali zaidi na mgonjwa wa kawaida wa koo hazihitaji. Muuzaji akikusukumia hiyo kwa maneno ya "ndiyo kali zaidi", ondoka dukani.

Nendeni dukani na maswali, na mumeo awepo. Je, imesajiliwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba? Je, inarekodi saa alizotumia, hewa inayovuja, na vipindi vilivyobaki kwa saa? Mashine isiyorekodi ni sawa na lori lisilo na dashibodi. Siwezi kukusaidia nayo. Kiungo cha mrija ni cha milimita 22? Hicho ndicho kipimo cha kawaida kinachokubali barakoa ya kampuni yoyote, na barakoa mtabadilisha mara nyingi kuliko mashine. Wana machujio ya akiba? Nani ataitengeneza ikiharibika, na yuko wapi? Muuzaji akijibu yote hayo bila kubabaika, milioni 1.7 imeenda mahali pake. Bima yake ya kazini, kama anayo, iulizeni kwa maandishi kabla ya kulipa.

Lakini nikuambie ninachokiona kliniki mwaka baada ya mwaka: mashine hazirudishwi kabatini kwa sababu ya mashine. Zinarudishwa kwa sababu ya barakoa. Watu wanalinganisha injini wiki nzima, halafu barakoa wanachukua iliyokuwa ndani ya boksi.

Ziko za aina tatu. Kuna vijipira viwili vinavyokaa kwenye matundu ya pua, kuna ya kufunika pua peke yake, na kuna kubwa ya pua na mdomo. Watu wengi wakisikia "analala mdomo wazi" wanakimbilia kubwa. Mimi naanza na ya pua karibu kila mara. Ile kubwa huvuja zaidi, mara nyingi hudai msukumo mkubwa zaidi, na inaweza kuusukuma ulimi na taya nyuma, yaani kule kule tunakotaka kufungua. Wengi wanaolala mdomo wazi wanafanya hivyo kwa sababu pua imeziba au koo linabana. Tibu pua, fungua koo, mdomo unafunga wenyewe. Kama ana mafua yasiyoisha au mzio wa vumbi la barabarani, aonwe na daktari wa masikio, pua na koo kwanza. Ana ndevu? Vijipira vya puani vitamfaa, maana havitegemei shavu wala kidevu.

Aijaribu akiwa amelala chali, hewa ikipuliza, dakika 15 au 20, kisha ageuke ubavu. Barakoa iliyokaa vizuri mtu akiwa ameketi kwenye kiti cha dukani haijasema chochote. Mikanda isikazwe mpaka ikachora uso. Kidole kiweze kupita chini yake. Na mtaona matundu madogo mbele ya barakoa yanayopuliza hewa nje muda wote. Hayo si uvujaji! Ndiyo njia ya kutolea hewa chafu aliyokwisha kuipumua. Niliwahi kuletewa barakoa ambayo mwana wa mgonjwa, kwa upendo tu, alikuwa ameyaziba yote kwa plasta. Msizibe.

Sasa maisha ya lori, ambayo vitabu vyetu havikuyafikiria. Kinachokula umeme mwingi kwenye mashine hizi ni hita ya kitanki cha maji kinacholainisha hewa. Ukizima hita, nyingi hutumia chini ya wati 30. Tupige hesabu ya juu: wati 30 kwa saa 8 ni 240, ukigawa kwa volti 24 za lori unapata ampea-saa 10. Betri za lori zilizo nzima hazitashindwa kuwasha gari asubuhi kwa hicho. Anunue kigeuzi cha umeme cha mashine hiyo hiyo kinachopokea volti 12 au 24. Fundi asikate waya na kuunganisha kwa kukisia, hapo ndipo mashine zinapoungua. Nyumbani, betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 itawabeba usiku wote umeme ukikatika. Na ukikatika ghafla hatakosa hewa: barakoa kubwa ina vali inayofunguka, na mwenye ya pua atafungua mdomo au ataamka aivue.

Pwani, hewa yenyewe ina unyevu, hivyo wengi wanalala bila kitanki na hawaoni tofauti, isipokuwa chumba kiwe na kiyoyozi. Makambako au Mbeya saa tisa usiku ni habari nyingine. Hewa ya baridi hukausha pua, na akiwasha kitanki maji hujikusanya kwenye mrija na kumdondokea puani. Aupitishe mrija chini ya blanketi, au auvishe kitambaa. Mashine ikae chini kuliko kichwa, na kitanki kimwagwe kabla gari halijaondoka, maji yakiingia kwenye injini hiyo ndiyo kwaheri. Maji ya kitanki yawe yaliyosafishwa kwa mvuke, yabadilishwe kila siku. Maji ya kisima huacha chumvi, kuyachemsha kunaua vijidudu lakini chumvi inabaki, na maji ya betri ya gari hayakutengenezwa kwa ajili ya pua ya mtu. Akikosa, alale bila kitanki usiku huo. Barakoa ioshwe kila asubuhi kwa sabuni laini isiyo na manukato, ikaukie kivulini. Chujio, kwa vumbi la njia ile, alitazame kila wiki.

Wiki mbili za kwanza ni ngumu na ni vizuri muijue mapema. Aivae jioni akiangalia mpira, nusu saa, bila kusubiri usingizi. Wengine tumbo hujaa hewa, wengine pua hukauka, wengine huamka barakoa iko sakafuni na hawakumbuki kuivua. Yote haya yana marekebisho, ndiyo maana nataka mumwone daktari baada ya wiki moja au mbili mkiwa na kadi ya kumbukumbu ya mashine, yenye zile rekodi za usiku. Tunatafuta vipindi vilivyobaki vishuke chini ya 5 kwa saa, na saa za matumizi zipande. Saa nne kwa usiku ni kiwango cha chini cha kuhesabiwa kwamba unaitumia. Kwa dereva mimi nataka usingizi wote.

Nisikudanganye kuhusu moyo. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2016, wa wagonjwa zaidi ya 2,700 waliokuwa tayari na ugonjwa wa moyo au wa mishipa ya ubongo, haukuona CPAP ikipunguza kiharusi wala shambulio la moyo. Lakini wastani wa matumizi ulikuwa saa 3.3 kwa usiku, na mashine iliyokaa mezani haitibu. Usingizi wa mchana ulipungua, na hilo kwa dereva ni uhai. Presha yake huenda ikashuka kidogo tu, kwa hiyo dawa zote mbili ziendelee hadi daktari wake aseme vinginevyo.

Kuna njia nyingine? Zipo. Kifaa cha meno kinachosogeza taya ya chini mbele huwafaa zaidi wenye ugonjwa mdogo au wa kati. Kulala ubavu, kuacha pombe na vidonge vya usingizi, hayo ayaanze leo bila gharama. Kama ana unene, akipunguza sehemu moja ya kumi ya uzito wake vipindi hupungua kwa takriban robo: 41 ikawa kama 31, bado mkali. Desemba 2024 Marekani waliidhinisha sindano ya tirzepatide kwa wanene wenye ugonjwa huu wa kati na mkali. Ni ghali, na inachukua miezi. Kwa 41 na kazi ile, CPAP iwe ya kwanza, mengine yaifuate.

Yote niliyosema kuhusu auto yanasimama kwa sharti moja: kwamba ugonjwa uko kooni tu. Kama miguu inavimba, anahema akipanda ngazi, anashindwa kulala bila mito mingi, amewahi kupata kiharusi, anavuta sigara na kukohoa miaka, anatumia dawa kali za maumivu, au anaamka na kichwa kizito na midomo ya bluu, msinunue chochote kabla ya kuonwa na daktari wa kifua au wa moyo katika hospitali ya rufaa. Wapo ambao ubongo wenyewe husahau kuamuru pumzi, na kuna aina ya mashine ya kisasa ambayo mwaka 2015 ilionekana kuongeza vifo kwa wenye moyo dhaifu. Akipata maumivu ya kifua, au ukishindwa kumwamsha akaamka sawasawa, hiyo ni hospitali usiku huo huo.

Kabla ya Kariakoo, basi, muombeni aliyempima awape karatasi yenyewe ya majibu, si ile namba 41 peke yake. Inapaswa kuonyesha vipindi vingapi ni vya koo na vingapi ni vya ubongo. Kama vya ubongo ni vichache, nendeni mkanunue, na mchukue dakika 20 zenu juu ya kitanda na barakoa ya pua. Jirani mwambieni tu kwamba daktari amekataa.